Mkemia wa kila kitu hajapotea njia, ila mwulizeni kapima maji ya wapi

Siku hizi ukimuuliza mtafiti wa kemia anafanya nini, hasa hawa vijana waliorudi na PhD zao, atakujibu kwa pumzi moja: nafanya nyenzo mpya, nafanya biofueli, yaani mafuta ya injini ya kutoka kwenye mimea, nafanya na vihisi vya kupimia sumu. Na hapo ndo watu wa mji huu wa Mombasa wanaanza kucheka, manake sisi tumezoea fundi ni wa kitu kimoja, fundi wa firiji si fundi wa gari, na mshika mawili moja humponyoka sembuse huyu alieshika matatu. Mimi nataka kumtetea, alafu nikishamaliza kumtetea nimkabe kidogo, kwa sababu lawama anayopewa si yake na ile anayostahili hakuna anaempa.

Tuanze na kifuu cha nazi, Pwani hakuna taka tunayoijua kuliko hio. Nazi ikishakunwa kwenye mbuzi, tui limeenda kwenye wali, machicha kuku wamepewa, kifuu chatupwa ama chaingia jikoni kuwashia moto. Sasa kitie kwenye debe lenye kifuniko, acha tundu dogo tu la moshi, uliweke juu ya moto mkali. Mwanzo utatoka moshi mzito mweupe unaoelekea manjano, unaumiza macho kweli kweli, baadae unapungua unakuwa mwepesi, mwisho ile hewa inayotoka tunduni ukiisogezea kiberiti inashika moto yenyewe. Ngoja debe lipoe, lipoe kabisa, manake ukilifungua likiwa moto hewa ikaingia makaa yanawaka upya na kazi yako yote imekuwa jivu. Ukifungua utakuta vipande vyeusi vigumu, ukiangusha kimoja sakafuni chatoa mlio mkavu, si ule wa makaa ya miti unaoujua.

Hapo una kaboni ila bado ni makaa tu ya kupikia. Kazi yaanza ukiyachoma tena kwenye mvuke wa maji kwa nyuzi 900 hivi, ama ukiviloweka vifuu kwanza kwenye asidi ya fosfori kisha ukavichoma kwa moto mdogo kuliko huo, ndo vinafunguka vitundu ambavyo jicho halivioni na darubini ya shule haivioni. Gramu moja ya makaa hayo ina uso wa ndani wa kama mita 1000 za mraba. Gramu saba, ambazo ni kijiko cha kulia hivi, zina uso sawa na uwanja mzima wa mpira.

Mkemia wetu kazi yake yote iko kwenye huo uso: kitu gani kishike pale, kishike kwa nguvu gani, na kikishashika kitokee nini. Kikishika kikakaa hapo hapo, una chujio la maji. Kikishika kikabadilika kuwa kitu kingine alafu kikaachia, una kichocheo cha kutengenezea mafuta. Kikishika na umeme unaopita ukabadilika, una kihisi. Yaani wewe waona mtu amerukaruka kutoka idara hii mpaka ile, yeye miaka yote hajatoka kwenye makaa yake.

Tuje kwenye mafuta sasa. Jioni yoyote Mombasa, kuanzia Mwembe Tayari mpaka Likoni, kuna makarai yako motoni, viazi karai, bhajia, kachri, mihogo. Mafuta yale hayatupwi baada ya kukaangia mara moja, yanatumika mpaka yawe ya kahawia, mazito, yanafanya povu ukitia kiazi. Kinachotokea ni kwamba maji ya kiazi yakikutana na mafuta kwenye joto lile yanayavunja kidogo kidogo, na kila yakivunjika inatoka asidi huru. Sasa mapishi ya biodizeli kwa mafuta safi ni rahisi mno, lita moja ya mafuta, methanoli kama mililita 200, kostik soda gramu 3.5 hivi, joto nyuzi 55 mpaka 60 na usizidishe manake methanoli yachemka kwenye 65. Koroga saa moja uiache ilale. Asubuhi glisarini imekaa chini, nyeusi nyeusi, na juu imesimama biodizeli ya rangi ya dhahabu. (Methanoli hio iheshimuni jamani, ndo ile ile iliyochanganywa kwenye pombe haramu Mei 2014 ikaua makumi ya Wakenya na wengine ikawapofusha.)

Lakini mafuta ya karai si mafuta safi. Ile asidi huru ikikutana na kostik yafanya sabuni, wewe wataka dizeli unapata povu, na sabuni ikishaingia pale katikati glisarini haitengani tena na mafuta hata ungoje mpaka Idd. Ndo maana lazima upime kwanza. Unachukua mililita moja ya mafuta machafu, unayatia kwenye mililita kumi za alkoholi, matone mawili ya fenolfthalini (dawa inayogeuka pinki asidi ikiisha), kisha maji ya kostik dhaifu, gramu moja kwa lita, unayadondosha tone moja moja huku watikisa. Tone laanguka, rangi ya pinki yatokea, yapotea. Jengine, yatokea yapotea. Mpaka lije tone ambalo pinki yake yakaa, hesabu mpaka kumi bado iko, basi hapo simama usome umetumia mililita ngapi. Kila mililita ni gramu moja zaidi ya kostik kwa kila lita ya mafuta. Zikishapita tano sita hivi, afadhali uchemshe sabuni tu uuze.

Na hapo ndo kifuu chaingia tena. Mwaka 2005 wanakemia wa Japani walionyesha kwamba sukari iliyochomwa nusu nusu kisha ikatiwa asidi ya salfuri kali inageuka unga mweusi mgumu ambao wenyewe ni asidi. Hauyeyuki, unautia kwenye mafuta mabovu na methanoli, unabadilisha ile asidi huru iliokuwa inakuharibia iwe biodizeli nayo, ukimaliza unachuja unga wako unautumia tena. Kama sukari inaweza, vifuu navyo vinaweza, na maganda ya korosho, na makumbi. Kwa hivo yule alieanza na makaa ya kuchuja maji hakuamka siku moja akasema leo niwe mtu wa biofueli, makaa yenyewe ndo yalimpeleka huko. Shida ya kostik ni shida ya uso na yeye nyuso ndo anazozijua.

Kihisi vile vile. Saga makaa hayo yawe unga laini, changanya na mafuta ya parafini yawe uji mzito, shindilia kwenye kibomba kidogo chenye waya, ushapata elektrodi, yaani ncha ya kupitishia umeme. Zamani kupima madini ya risasi kwenye maji kwa umeme ulihitaji tone la zebaki, ndo njia alioianzisha Jaroslav Heyrovský kule Prague mwaka 1922 na akapewa Nobel yake 1959, lakini zebaki nayo ni sumu, wapima sumu kwa sumu. Mwaka 2000 Joseph Wang na wenzake wakaonyesha kwamba utando mwembamba wa madini ya bismathi juu ya kaboni unafanya kazi hio hio. Bismathi haina matata, iko hata kwenye dawa za tumbo.

Inavyofanya kazi ni kitu cha kupendeza, nitakieleza polepole. Unaichovya elektrodi kwenye maji unaiwekea volti hasi, dakika mbili tatu, risasi ilioko majini inavutwa inaganda pale juu ya uso kidogo kidogo, hata ikiwa chembe chache sana inakusanyika. Kisha unaigeuza volti irudi juu taratibu. Kila madini yana mahali pake pa kung'oka, kadimiamu yang'oka kwanza kwenye kama hasi 0.8, risasi inafuata kwenye kama hasi 0.5, na kila ikitokea hivo mkondo wa umeme unaruka unachora kilima kwenye skrini. Kilima kikubwa, risasi nyingi. Mpaka wa Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni maikrogramu 10 kwa lita, na kifaa cha kushika mkononi kinaweza kufika hapo na kushuka chini yake. Mashine kubwa za maabara zinafanya vizuri zaidi, sikatai, lakini mashine haiendi Jomvu kwa tuktuk.

Na si ati huyu mkemia wa Pwani ni wa ajabu peke yake. Tebello Nyokong, mama wa Kisotho alieanza maisha kwa kuchunga kondoo na akaja kuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Rhodes kule Afrika Kusini, kazi yake yote imezunguka familia moja ya rangi zinazoitwa fthalosianini, zile za buluu na kijani za kupakia jinzi na karatasi. Rangi hizo hizo kazitumia kutafuta tiba ya saratani kwa mwanga, kuvunja uchafu majini na kutengeneza vihisi vya dawa za wadudu. Mwaka 2009 akapata tuzo ya L'Oréal-UNESCO. Omar Yaghi, mtoto wa wakimbizi wa Kipalestina aliezaliwa Amman, kapata Nobel ya kemia ya 2025 pamoja na Susumu Kitagawa na Richard Robson kwa vitu vyenye vitundu vilivyojengwa kwa madini na kaboni, na vitundu hivyo hivyo wanavitumia kunasa gesi, kuvuta maji kwenye hewa ya jangwani, kuchochea kemikali. Hakuna aliewaambia wachague moja.

Sasa kwa nini Mombasa hasa. Kwa sababu hapa mafuta na risasi zina historia moja, hatujawahi kuzitenganisha. Rudolf Diesel injini yake ilionyeshwa Paris mwaka 1900 ikiendeshwa kwa mafuta ya njugu, na waliotaka ijaribiwe hivo ni serikali ya Ufaransa iliokuwa inafikiria makoloni yake Afrika, yaani biofueli tangu siku ya kwanza walikuwa wanatuangalia sisi. Baadae petroli ya bei rahisi ikashinda, na mwaka 1921 Thomas Midgley wa General Motors akagundua kwamba ukiitia risasi injini haigongi. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kikafunguliwa 1963. Afrika kusini mwa Sahara imekuja kuachana na petroli ya risasi mwanzoni mwa 2006, Algeria ikawa ya mwisho duniani 2021.

Na tukidhani tumemaliza, hapa kwetu mwaka mmoja tu baada ya ile 2006, yaani 2007, pale Owino Uhuru upande wa Mikindani kikaanza kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kupata risasi. Kikafanya kazi mpaka 2014 ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Phyllis Omido aliekuwa mfanyakazi wa hapo hapo akaona mtoto wake mwenyewe damu yake ina risasi, akapigana mpaka akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman 2015, na 2020 mahakama ya mazingira hapa Mombasa ikaamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikavuruga uamuzi huo, na Disemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurudisha. Risasi haina harufu, haina rangi kwenye maji, mtoto anaumwa tumbo, hataki kula, shuleni hashiki kitu, na hizo ni dalili za magonjwa kumi. Kihisi kimoja cha kubeba mkononi mwaka 2008 kingeokoa miaka mingapi hapo, hio ndo hesabu inayoniuma, manake kemia yake ilikuwa ishajulikana.

Hapo ndo namkaba mkemia wetu. Ukisoma kazi zao nyingi za makaa na vihisi mambo ni yale yale. Maganda ya ndizi yaondoa risasi asilimia 98. Maganda ya embe asilimia 97. Kokwa za tende, mbegu za mlonge, majani ya mwarobaini, kila mti na karatasi yake ya utafiti, na yote mazuri. Ukiangalia wamepimaje, wamechukua maji yaliotoneshwa, maji yasio na chochote, wakatia chumvi ya risasi kwa mizani, wakatia makaa, wakakoroga, wakapima. Sasa maji kama hayo Mombasa yako wapi? Nenda Tudor pale kwenye mkono wa bahari, maji ya bahari yana chumvi gramu 35 kwa lita, na risasi unayoitafuta ni maikrogramu 10, chumvi imeizidi mara milioni tatu na nusu. Juu yake tia maji taka yanayoingia pale kila siku, sabuni ya kufulia, matope ya mikoko, mafuta ya maboti. Sabuni inakwenda kukaa kwenye ule uso kabla risasi haijafika. Uchafu wa kuoza unaishika risasi huko huko majini haiji kabisa. Shaba nayo inapigania bismathi. Kile kilima kizuri cha kwenye skrini kinakuwa tuta, ama hakionekani.

Na sio kwamba hawajui, wanajua vizuri sana. Chuo Kikuu cha Kiufundi kiko Tudor kwenyewe, KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, wako Mkomani, maji ya kweli wako nayo hatua chache. Shida ni kwamba maji ya kweli yanaharibu karatasi, mtu anahitaji machapisho ili apande cheo na maji safi yanampa machapisho manne kwa mwaka, ya Tudor yatampa moja kwa miaka miwili na pengine lenye matokeo mabaya. Ningekuwa mimi pia ningeshawishika. Lakini hio ndo lawama ya haki: hakukosea kufanya matatu, alikosea kuyaacha yote matatu mahali pamoja, pale mlangoni mwa maabara.

Kuna na pesa. Sheria ya sayansi ya 2013 yasema mfuko wa utafiti wa taifa upewe asilimia 2 ya pato la nchi, na hatujawahi kufika hapo, kwa hivo mtafiti anafuata mfadhili, na mfadhili ana msimu wake. Kulikuwa na msimu wa jatrofa, mmea wa mbegu za mafuta, kila mtu mpaka mwenye shamba la nusu ekari aliambiwa apande atakuwa tajiri, mpaka 2009 GTZ, shirika la misaada la Ujerumani, na ICRAF, kituo cha utafiti wa miti mashambani, wakafanya hesabu wakakuta kwa mkulima mdogo haina faida, labda aipande iwe ua wa shamba. Kule Dakatcha, Kilifi, watu walikuwa karibu kupoteza msitu kwa sababu ya mmea huo huo. Ukaja msimu wa nano, zile chembe ndogo mno. Sasa ni msimu wa kaboni. Mtu aliefuata misimu yote mitatu ukimuona kwa nje anafanana kabisa na yule niliemtetea hapo juu, wote wana nyenzo, biofueli na vihisi, na njia ya kuwatofautisha ni kuwauliza swali moja tu: kazi ya pili ilitoka kwenye shida gani ya kazi ya kwanza? Wa kweli atakuonyesha ile sabuni iliomharibia mafuta. Mwengine atakutajia mfadhili.

Biofueli zenyewe nina neno. Kiwanda cha Changamwe kiliacha kusafisha mafuta 2013, sasa ni matangi tu, na kulikuwa na mazungumzo na kampuni ya mafuta ya Eni ya Italia kukigeuza kiwe cha mafuta ya mimea. Kinachofanyika ni kwamba mbarika na kroton zinakamuliwa Makueni, kiwanda kilifunguliwa huko Julai 2022, na Oktoba mwaka huo mafuta yakapakiwa meli bandarini hapa kwenda Gela kule Sicily. Sina ubaya na mkulima wa Makueni kuuza. Lakini mafuta ya karai ya mji huu hayahitaji shamba la mtu wala meli, yanahitaji mtu wa kuyakusanya na kichocheo kisichogombana na asidi, na kichocheo hicho chatoka kwenye vifuu vya soko la Kongowea. Sioni ugumu wa kemia hapo. Naona ugumu wa mtu wa viazi kukuuzia mafuta yake mabovu kwa bei gani ilhali mtengeneza sabuni ampa zaidi, na hilo mkemia hawezi kulitatua na tusimlazimishe.

Linalomhusu yeye moja kwa moja, na hakuna anaeliandika, ni makaa yenyewe yakishajaa. Mwisho wa karatasi zote wanaandika kwamba yanaweza kuoshwa kwa asidi na kutumika tena mara tano. Mara ya sita kimya. Na yale maji ya asidi yalioyaosha je, yamebeba risasi yote yalipomwagwa? Makaa yenye risasi ni taka ya sumu kuliko maji uliyoyasafisha, manake umeikusanya sumu iliokuwa imetawanyika ukaiweka kwenye gunia. Ukiitupa jaani Mwakirunge mvua ya kwanza inaishusha. Ukiichoma, umerudi Owino Uhuru. Kuna wanaosema ichanganywe kwenye saruji iganda humo, na sisi saruji tunayo, Bamburi wamechoma mawe ya matumbawe tangu miaka ya hamsini, ila saruji ya Pwani inakaa kwenye hewa ya chumvi na chumvi inaila, kwa hivo kabla hajatuambia ni salama atengeneze tofali lake, alilaze kwenye maji ya bahari mwaka mzima, na kila mwezi achovye kihisi chake cha bismathi aangalie kama kile kilima cha hasi 0.5 kinaanza kuinuka.